Pumzi za Siku ya Saba

Niliandika 32. Kabla ya hapo nilisita kati ya 30 na 32, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. 30 niliiona ni namba ya kukisia. 32 ilifanana na kitu kilichohesabiwa. Mstari wa chini yake, penye joto la mwili, nikaandika 36.7, kisha nikatia sahihi yangu na tarehe.

Mtoto ambaye pumzi zake nilizihesabu namna hiyo, nikiwa nimeketi kwenye benchi la zahanati na mvua ya masika inapiga bati, alikuwa ng'ambo ya mto. Umri wake ulikuwa mwaka mmoja na miezi minane. Alikuwa mshiriki katika utafiti wetu wa dawa ya nimonia, na hiyo ilikuwa siku ya saba tangu aanze dozi. Itifaki ilinitaka nimfuate nyumbani, nimwinue shati, nitazame kifua kinavyopanda na kushuka, nihesabu kwa dakika nzima. Nusu dakika ukazidisha kwa mbili haikukubaliwa. Dakika nzima, saa mkononi. Kwa mtoto wa umri wake, pumzi zikifika 40 kwa dakika au kuzidi, anahema haraka kuliko inavyofaa. Nikampa 32, akawa salama.

Mto ulikuwa umejaa tangu usiku. Kijana wa bodaboda alifika ukingoni, akazima pikipiki, akasema hapiti hata kwa nauli mara mbili. Fomu isiyojazwa haikulipiwa nauli, na nauli ya wiki ile nilishaitumia. Mtoto yule nilikuwa nimemwona siku ya tatu, amechangamka, amenishika kidole hataki kukiachia. Nilijua anaendelea vizuri. Hilo ndilo neno nililojiambia, kwamba najua. Sikuona kuwa nadanganya. Niliona nakijaza kile ninachokijua, ila miguu tu haikufika.

Jumatatu msimamizi alizipitia fomu zetu. "Sista, zako hazina mapengo," akasema mbele ya wenzangu. Nilifurahi. Hadi leo furaha ile inaniaibisha kuliko namba yenyewe.

Katika kazi hizi kuna neno "kupika data", na kila aliyewahi kubeba dodoso kijijini analijua. Lakini ukisikiliza vizuri utagundua kwamba linatumika kwa watu wengine. Fulani alipika data. Timu ya wilaya ile walipika. Tulipozungumza juu ya kazi zetu wenyewe tulisema kuziba pengo, kunyoosha fomu, kusawazisha, kumalizia. "Nimemalizia fomu zangu jana usiku," mtu angesema asubuhi, macho mekundu kwa usingizi, na hakuna aliyeuliza amezimalizia kwa kitu gani. Nimekaa katika utafiti wa tiba zaidi ya miaka 18 sasa, na sijakutana na mtu aliyeniambia ameghushi. Nimekutana na wengi waliomalizia.

Siku ya 14 mto ulikuwa umeshuka. Nilimkuta bibi yake mtoto barazani anapeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake, shingo imekuwa nyembamba, macho makubwa. Bibi akaanza kunieleza kwa utulivu, kama mtu anayejua kwamba msikilizaji wake ana habari nusu. Usiku wa siku ya tano mtoto alianza kuhema tena. Kifua kikawa kinabonyea kwa ndani kila akivuta pumzi. Wakambeba kwa baiskeli kabla mvua kubwa haijaanza, wakamfikisha hospitali ya upande wa pili, akalazwa siku sita. Alivutishwa oksijeni.

Nikapiga hesabu kichwani. Saa ile nilipokuwa kwenye benchi nachagua kati ya 30 na 32, yeye alikuwa na mpira puani.

"Nilimwambia mama yake, wale wa utafiti watakuja watuulizie kwa majirani," bibi akasema. "Hamkupita?"

"Tulipita, bibi. Hatukuwakuta."

Uongo wa kwanza niliuandika kwenye karatasi. Huu wa pili niliusema namtazama usoni mtu mzima niliyetoka kumwamkia shikamoo. Naye akaniamini. Akasema, "Poleni na mvua."

Njiani kurudi ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Katika utafiti wetu mtoto aliyerudiwa na ugonjwa alihesabiwa kuwa dawa imemshindwa, na akilazwa hospitalini taarifa ilipaswa kufika ndani ya saa 24. Kwa mtoto huyu dawa ilishindwa. Kalamu yangu ilimwondoa katika safu ya walioshindwa ikamwingiza katika safu ya waliopona, na dawa ikapata sifa isiyo yake. Daktari wa mkoa mwingine, ambaye sitamjua kamwe, angekuja kumwandikia mtoto mwingine dozi ile ile kwa kuiamini safu hiyo.

Kuna daktari mmoja ambaye nimemfikiria kuliko wote waliopatikana na makosa ya namna hii, pengine kwa sababu nimeshindwa kumchukia. Anaitwa Roger Poisson, alikuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Saint-Luc, Montréal, nchini Kanada. Alipeleka wagonjwa wake katika majaribio makubwa ya tiba ya saratani ya matiti yaliyoongozwa na Bernard Fisher kutoka Pittsburgh, Marekani. Jaribio mojawapo lilibadilisha maisha ya wanawake wengi duniani. Mwaka 1985 lilionyesha kwamba mwanamke ambaye saratani yake bado iko mwanzoni anaweza kuondolewa uvimbe tu, akapigwa mionzi, na uhai wake usiwe mfupi kuliko wa yule aliyekatwa titi zima. Kabla ya hapo wanawake walikuwa wakilala kwenye meza ya upasuaji na kuamka hawana titi, wakiambiwa hakuna njia nyingine.

Majaribio ya aina hiyo yana masharti ya kuingia. Mgonjwa akizidisha siku zilizowekwa tangu apasuliwe, hapokelewi. Poisson alikuwa na wagonjwa waliokosa sharti hili au lile kwa kiasi kidogo, akawa anabadilisha tarehe ili waingie. Mwezi Juni 1990 mfanyakazi wa takwimu katika ofisi ya Pittsburgh aliziona ripoti mbili za upasuaji za mgonjwa mmoja, zinafanana neno kwa neno isipokuwa tarehe. Wachunguzi walipofika Montréal walikuta kumbukumbu zilizowekwa kwa jozi, moja imeandikwa "vrai" na nyingine "faux", yaani ya kweli na ya uongo. Mwishowe walihesabu matukio 115 ya kughushi katika kumbukumbu za wagonjwa 99, kuanzia mwaka 1977 hadi 1990.

Utetezi wake ulikuwa kwamba aliyaelewa masharti na sababu zake, ila aliyachukua kama mwongozo, hakuona haja ya kuyafuata kama kipofu, na kwamba aliwatakia wagonjwa wake matibabu bora. Sina sababu ya kudhani kwamba alidanganya aliposema hivyo. Mimi pia ningeweza kusimama mbele ya jopo nikasema nilimpenda mtoto yule, na ingekuwa kweli. Kinachonirudisha kwake kila mara ni zile jozi. Mtu anayeamini kwamba hakuna uongo haandiki "faux" juu ya karatasi. Alijua ipi ni ipi, na akaendelea miaka 13.

Umma ulikuja kujua Machi 1994, gazeti la Chicago Tribune lilipoitoa habari. Wanawake waliokuwa wamechagua kubaki na matiti yao walishikwa na hofu kwamba walichagua kwa kutegemea uongo. Fisher, ambaye hakughushi chochote, aliondolewa katika uongozi wa majaribio yale kwa jinsi suala lilivyoshughulikiwa, na ilimchukua hadi mwaka 1997 kupata suluhu na kuombwa radhi. Takwimu zikachambuliwa upya, wagonjwa wa Saint-Luc wakawekwa kando, na mwaka 1995 ikatangazwa kwamba matokeo ni yale yale. Kuondoa uvimbe na kupiga mionzi bado kulitosha.

Nimewasikia wataalamu wengi wakiishika sentensi hiyo ya mwisho kama hati ya msamaha. Unaona? Haikubadilisha kitu. Mwenzangu mmoja aliniambia maneno ya aina hiyo nilipomweleza habari za mtoto wa ng'ambo ya mto: mtoto mmoja kati ya mamia, namba moja, utafiti hautatikisika. Inawezekana alisema kweli. Lakini matokeo ya Fisher yalisimama kwa sababu katika hospitali nyingine nyingi kulikuwa na madaktari na wauguzi walioandika tarehe kama ilivyokuwa, wakamkosa mgonjwa, wakajibu maswali ya familia yake, wakaendelea. Poisson alibebwa na uaminifu wa watu ambao hakuwajua. Utafiti wetu nao, kama haukutikisika, ni kwa kuwa kuna mtu mahali fulani aliivuka mito yake.

Mwaka 2009 mtafiti Daniele Fanelli alikusanya pamoja tafiti zilizokuwa zimewauliza wanasayansi wenyewe. Karibu asilimia 2 walikiri kwamba angalau mara moja wamebuni, wameghushi au wamebadilisha data. Walipoulizwa kuhusu wenzao, asilimia 14 walisema wameshuhudia. Kwa makosa madogo madogo, yale ya kuacha kipimo kisichopendeza au kupamba matokeo, waliokiri walifika hadi asilimia 34, na waliowaona wenzao wakifanya wakafika hadi asilimia 72. Nilipozisoma namba hizo nilitazama umbali uliopo kati ya mimi na mwenzangu. Nyani haoni kundule. Mwaka ule, wiki ile, kama ningeletewa dodoso la namna hiyo ningeweka alama kwenye "hapana" kwa moyo mweupe kabisa, na huenda ningemkumbuka fulani wa wilaya jirani.

Walionipa maneno ya kuifikiria hali yangu ni Patricia Kingori na René Gerrets, waliochapisha mwaka 2016 utafiti wao juu ya wafanyakazi wa nyanjani katika sehemu mbili za Afrika kusini mwa Sahara. Waliwasikiliza watu wa ngazi yangu, wabeba dodoso na wapima joto, ambao katika taarifa rasmi wakighushi husemwa kwamba hawakupata mafunzo ya kutosha. Waandishi hawa waliona jambo jingine. Wengi walijua vizuri kwa nini namba inatakiwa iwe ya kweli. Walighushi pale ambapo dhamiri yao iligongana na kazi, au moyo ulipovunjika kwa jinsi walivyosimamiwa, au walipoachwa bila msaada. Niliusoma mara mbili usiku mmoja. Kila sababu niliyojipa nikiwa kwenye benchi ilikuwa mle ndani, imesemwa na watu wasionijua. Ilinifariji, na sikuipenda faraja hiyo, kwa sababu bibi yule hakuwa na msaada pia, na barabara yake ilikuwa hiyo hiyo, na bado alimfikisha mjukuu wake hospitali usiku kwa baiskeli.

Nilikaa na jambo hili siku tisa. Usingizi ulikatika. Nikisikia mtoto anakohoa kwenye basi nilishuka kituo cha mbele. Hatimaye nikaenda kwa msimamizi. Alifunga mlango. Hakunifokea. Alinikumbusha kwamba wakaguzi wa mfadhili wanakuja mwezi ujao, kwamba kuna watu 12 wanaokula kupitia kazi ile. Akafungua droo, akatoa fomu mpya. Niandike "mshiriki hakupatikana nyumbani", nitie tarehe ya siku ile ile ya mvua, na ile ya zamani niichane.

Simtaji, wala sitaki akisiwe. Alikuwa mtu mpole, anayewakopesha vijana nauli kutoka mfukoni mwake. Alinipa njia ambayo yeye aliiona ya kiungwana: uongo mzima ubadilishwe na nusu ukweli, watu wote wabaki salama. Niliichukua fomu ile. Nilitoka nayo hadi uani.

Sikuichana ya zamani, na nikisema ilikuwa ushujaa nitakuwa naandika 32 nyingine. Nilizuiwa na jambo dogo la mafunzo. Tulikuwa tumefundishwa jinsi ya kusahihisha kosa kwenye fomu. Hutumii wino mweupe. Huchani. Hukolezi namba mpya juu ya ile ya zamani. Unapiga mstari mmoja mwembamba katikati ya ulichokosea, kwa namna ambayo kosa litaendelea kusomeka. Pembeni unaandika kilicho sahihi, herufi za jina lako, tarehe ya leo na sababu. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi kwa vitu vya kawaida, 7 niliyoiandika kama 1, jina la kijiji lililokosewa herufi. Siku hiyo ndipo nilipofikiri kwa mara ya kwanza juu ya huyo aliyeitunga kanuni hii. Alijua kwamba tutakosea. Alichokataa ni kosa kupotea.

Nikapiga mstari juu ya 32. Nikapiga mwingine juu ya 36.7. Nafasi ya kuandika sababu ni finyu, upana wa kidole. Niliandika: "Sikumwona mtoto. Niliandika bila kupima." Kisha nikajaza taarifa ya kulazwa hospitalini, ikiwa imechelewa siku nyingi mno, nikazipeleka zote mbili kwa daktari mkuu wa utafiti mwenyewe.

Kilichofuata kiliniuma kwa namna ambayo sikuitarajia. Fomu zangu zote zilirudiwa. Watu wawili walitumwa nyumba kwa nyumba kuwauliza akina mama kama kweli nilifika siku zile nilizoandika. Kulikuwa na kijiji nilichokifikia kwa miguu saa tatu juani, kulikuwa na mtoto niliyesubiri hadi magharibi mama yake arudi shamba ili nimpime tu joto. Fomu hizo zilikuwa za kweli kabisa, na sasa zilitiliwa shaka sawa na ile moja, na waliozitilia shaka walikuwa na haki. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Hakuna aliyeniambia sababu, nami sikuuliza.

Ndiyo maana nikisoma habari za Hospitali ya Mulago, Uganda, sina haraka ya kuhukumu. Pale Kampala, kati ya mwaka 1997 na 1999, lilifanyika jaribio la dawa ya nevirapine. Mama mwenye virusi vya UKIMWI alipewa kidonge kimoja uchungu ulipoanza, na mtoto akapewa dozi moja ya maji ndani ya siku tatu za kuzaliwa. Watoto walipofikisha wiki 14 hadi 16, waliokuwa wameambukizwa walikuwa asilimia 13 upande wa nevirapine, na asilimia 25 upande wa waliopewa dawa ya AZT kwa muda mfupi. Nchi nyingi maskini zilipata kwa mara ya kwanza njia ya bei nafuu ya kuwakinga watoto wake. Kisha mwaka 2002 ukaguzi ukaonyesha kasoro katika kumbukumbu na katika kuripoti madhara, na mwaka 2004 lawama zikatoka hadharani kutoka ndani ya taasisi za utafiti za Marekani zenyewe. Habari zikasambaa hadi Afrika Kusini, ambako mvutano juu ya dawa za UKIMWI ulikuwa mkali. Mwaka 2005 jopo la Institute of Medicine ya Marekani lilipitia kila kitu likasema kwamba pamoja na kasoro zile, matokeo yanaaminika.

Mimi nimefanya kazi katika wodi ambayo kinamama wawili wanalala kitanda kimoja. Najua jinsi karatasi inavyopotea. Pengo lililoachwa na muuguzi aliyekuwa anamzalisha mama mwingine haliko sawa na namba niliyoitunga mimi nimekaa, na wataalamu wanaolijua hilo wana wajibu wa kulisema kwa sauti pale mwenzao anaposhambuliwa bila haki. Lakini tukiwa wepesi wa kusema kasoro tu, kasoro tu, hata mahali ambapo mtu alitunga, siku ya kumtetea asiye na hatia hatutakuwa na neno lililobaki na uzito.

Kwa Werner Bezwoda uzito wa huruma unaniishia. Alikuwa profesa wa saratani katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mei 1999, kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu wa saratani jijini Atlanta, yeye ndiye aliyeleta habari njema: kwamba dozi kubwa sana za dawa za saratani ya matiti, zenye kumfikisha mgonjwa karibu na kifo kabla ya kumrudisha, ziliokoa maisha. Tafiti nyingine zilizowasilishwa mkutano ule hazikuona faida hiyo. Maelfu ya wanawake wa Marekani walikuwa tayari wamepitia tiba hiyo kwa matumaini. Wamarekani walipokwenda Johannesburg Januari 2000 kutazama mafaili ili nao waifuate njia yake, kumbukumbu nyingi hazikupatikana, na waliowekwa kundi la ulinganisho hawakuwa wamepewa dawa ile aliyoitangaza. Alikiri, akafukuzwa kazi. Wakaguzi hawakuona fomu za ridhaa zilizotiwa saini na wanawake wale. Mtu anaweza kughushi tarehe kwa kumpenda mgonjwa aliye mbele yake. Huyu aliwafanya wagonjwa kuwa ngazi ya kupandia jukwaani.

Na gharama hailipwi na aliyetenda peke yake. Kano, Nigeria, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watoto 200 waliingizwa katika jaribio la dawa ya Trovan ya kampuni ya Pfizer. Baadaye ilibainika kwamba barua ya idhini ya kamati ya maadili iliandikwa jaribio likiwa limekwisha, ikapewa tarehe ya nyuma. Mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza shauri na serikali ya jimbo, bila kukiri kosa. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2003, wazazi wa Kano walipoikataa chanjo ya polio, kumbukumbu ya Trovan ilikuwa miongoni mwa sababu. Aliyelemaa ni mtoto ambaye hakuwa amezaliwa wakati barua ile inaandikwa.

Baada ya kukaa nje miaka miwili nilipata kazi mahali pengine, na leo mimi ndiye mfuatiliaji, ninayefungua mafaili ya wengine. Fomu iliyotoka kijijini ina vumbi, ina alama ya kidole, ina joto la 36.4 na 37.8 na 36.9 bila mpangilio. Fomu iliyopikwa ni safi, wino mmoja, mwandiko usiochoka kuanzia juu hadi chini. John Carlisle, daktari wa usingizi wa Torquay, Uingereza, alifanya kazi ya namna hii kwa majaribio 526 yaliyoletwa kwenye jarida la Anaesthesia. Alipopata takwimu za kila mgonjwa mstari kwa mstari, aliona data za uongo katika asilimia 44 ya majaribio. Alipopewa majedwali ya jumla peke yake, alizigundua katika asilimia 2. Huo ndio umbali kati ya kufungua daftari na kuliamini jalada lake.

Nikiikuta fomu ya namna ile safi, nikamwita kijana aliyeijaza, simuulizi kama amepika. Namuuliza siku ile mto ulikuwaje. Wapo wanaonitazama kwa mshangao. Wapo wanaonyamaza, kisha wakaanza kueleza kuanzia asubuhi.

Siku ya 28 ya mtoto yule niliivuka ng'ambo mapema. Nilikuwa bado na mkataba, na ziara ya mwisho ilikuwa yangu. Bibi alikuwa barazani na ungo wake. Nilimwamkia, na kabla hajanisogezea kigoda nikamwambia kwamba siku ya saba sikuja, na kwamba niliandika mjukuu wake ni mzima.

Aliuweka ungo chini.

"Ukaniambia mlipita."

"Ndiyo, bibi."

"Nikakupa pole ya mvua."

"Ndiyo."

Alikaa kimya muda mrefu. Kuku walikuja wakaanza kudonoa mchele kwenye ungo, asiwafukuze. Kisha akauliza, "Na sasa kwenye hiyo karatasi yenu ameandikwaje?"

"Kwamba aliugua tena, akalazwa."

"Muandike na kupona. Maana amepona."

"Hilo ndilo nililokuja kuhesabu."

Akamwita mkwewe amlete mtoto, akampakata mwenyewe, akampandisha shati hadi shingoni. "Hesabu," akasema. "Na mimi nitahesabu."

Nilishika saa. Midomo ya bibi ilikuwa inacheza bila sauti. Kifua kile kidogo kilipanda, kikashuka, mtoto akanishika kidole, nikamwachia hadi dakika ikaisha.

"Ishirini na tisa," nikasema.

"Thelathini na moja," akasema bibi.

Tukaanza upya.